Mama Laini Anajibu: Tikiti Ndiyo Husema

Toleo lililopita mama mmoja wa Bondo aliuliza kwa nini laini yake ilifungwa ghafla. Nilimweleza mambo ya usajili, kisha nikaongeza kwa kupita tu kwamba serikali ikiamua, inaweza kuijua laini hiyo kuliko mume wake. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko jambo lolote nililoandika hapa. Kwa hivyo mwezi huu simu zilizoanguka chooni na pesa zilizotumwa nambari isiyo yake zitangoja.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi si wakili, wala kompyuta sikusomea. Nilikuwa opereta wa simu tangu 1975 hadi 1994, katika mji mdogo wa magharibi ambao sitautaja, kwa sababu utakayoikuta kwenye barua ya mwisho. Nilikaa mbele ya swichibodi, kisikizi kichwani, nyaya mkononi. Ukitaka kuongea na Nairobi, ulipitia kwangu.

*

Salamu Mama Laini. Mtoto wangu wa pili yuko chuoni. Juni 2024 aliingia barabarani na wenzake kupinga Mswada wa Fedha. Tangu hapo, akija nyumbani simu yake anaifunika ndani ya sufuria. Mimi nikitafuta sufuria ya ugali nakuta simu. Anasema tunasikizwa. Baba yake anamcheka: asiye na la kuficha anaogopa nini, na serikali itapata wapi muda wa kusikiza mtu akiagiza omena? Sasa hawasemezani mezani. Nani mkweli?
Mama Duka, Nyalenda, Kisumu

Mama Duka, kwanza rudisha sufuria yako. Inapunguza mawimbi, haiyazuii yote. Mpigie kijana simu ikiwa humo ndani, mara nyingi utaisikia ikiita.

Sasa hao wanaume wako wawili. Wanabishana vikali, na wote wamekosea mahali pamoja: wanadhani kusikizwa ni maneno. Mzee anaona maneno yake hayana maana kwa mtu yeyote, kijana anaona ya kwake yana maana kupita kiasi. Wacha nikuambie nilichojifunza kwa miaka 19.

Kila simu ya mbali iliyopita kwangu niliiandikia tikiti. Kilikuwa kikaratasi kidogo, kama cha kufungia njugu. Juu yake: nambari inayopiga, nambari inayopigiwa, saa ya kuanza, saa ya kukata, dakika, na herufi zangu za jina. Basi. Hakuna mahali pa kuandika walichosema. Nikimaliza nakichoma kwenye msumari uliosimama juu ya kibao, na asubuhi karani anakuja kuvitoa ili bili zitengenezwe.

Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naujua mji ule kwa tikiti peke yake. Nambari moja ikipiga nambari saba kabla jua halijachomoza, kila moja chini ya dakika tatu, hapo pana msiba, na nilijua kabla nduru hazijapigwa. Mfanyabiashara wa mahindi akipiga Eldoret kila Alhamisi na siku moja akaacha, mkopo umeharibika. Nambari ya nyumba fulani ya heshima ilikuwa ikipigiwa na nambari ya nyumba nyingine ya heshima kila mwenye nyumba akisafiri. Dakika tatu, halafu sita, halafu kumi na mbili, halafu kimya cha miezi miwili, halafu tena tatu. Mimi si mchawi, Mama Duka. Nilikuwa na kalamu na saa ya ukutani.

Tikiti hiyo ipo mpaka leo, ila siku hizi mashine ndiyo huiandika, na ina nafasi zaidi. Kuna nambari mbili, saa na muda kama zamani. Kuna mnara uliokushika, yaani ulikuwa mtaa gani. Kuna pia nambari ya simu yenyewe, si ya laini: mwambie kijana abonyeze *#06# aione, ni tarakimu 15, na inabaki pale pale hata abadilishe laini kila wiki. Kampuni za simu zinaziweka kumbukumbu hizo kwa ajili ya bili, na hapo sina ugomvi nazo. Hata sisi tulichoma kwenye msumari kwa ajili ya bili. Jambo ni nani atakuja asubuhi kuzichukua, na ameshika karatasi gani mkononi.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inasema mtu ana haki mawasiliano yake yasiingiliwe, na habari za familia na mambo yake ya siri zisitakwe wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya idara ya ujasusi ya 2012 inataka hati ya jaji wa Mahakama Kuu. Ile ya kuzuia ugaidi ya mwaka huo huo inamtaka polisi apeleke ombi mahakamani. Halafu Desemba 2014 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurumai, wabunge wakimwagiana maji na kuraruana mashati. Februari 2015 majaji wakafuta vifungu 8 vya sheria hiyo. Kile kilichoviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi hawakukifuta. Mlango uko pale, na nani anaupita, mara ngapi, wewe na mimi hatuletewi hesabu.

Turudi kwa mzee. Mwambie nimemsalimu, na kwa kuwa hana la kuficha, anipe simu yake na nambari ya siri Jumapili moja tu, nikae nayo baada ya ibada niwasomee akina mama wa kwaya. Akikataa, muulize anaficha nini. Atakuambia haifichi, ni yake tu. Ahaa.

Tena mwambie na hili, maana ndilo lenye uzito. Si yeye anayeamua kipi ni cha kufichwa. Jumanne ile ya Juni 25, 2024, watu wengi hapa Kisumu, wengine wafanyabiashara kama wewe, walitoa maji kwa vijana mlangoni mwa duka, wakawatumia shilingi 200 kwa simu za kununulia bendeji. Jumanne hiyo ilikuwa huruma. Kabla wiki haijaisha kulikuwa na maswali ya nani anafadhili fujo. Tikiti ya shilingi 200 haikubadilika hata herufi moja, aliyebadilika ni msomaji wake. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu ule mwezi wa Juni. Kijana wako anawajua kwa majina wanaomhusu kati ya hao. Usimcheke na sufuria yake. Mpe tu ushauri bora. Asipotaka ijulikane alikokwenda, simu aiache nyumbani, mezani, ikiwa imewashwa.

*

Hujambo Mama. Mzee wa Nyumba Kumi amepita plotini kwetu na daftari la kurasa 96. Anataka jina, nambari ya kipande, nambari ya simu, mnaolala humo ni wangapi, dini na kabila. Anasema ni agizo kutoka juu na asiyeandikwa asilalamike akikosa chakula cha msaada. Niandike?
Mpangaji, Kaptembwo, Nakuru

Mwanangu, Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kujuana kwa ajili ya usalama, ilikuja kwa nguvu mwishoni mwa 2013 baada ya shambulio la Westgate, na wazo lenyewe tuliazima kwa majirani zetu Watanzania. Kumjua jirani si jambo baya. Mimi wa kwangu wa kushoto ndiye aliyenipeleka hospitali. Lakini kumjua jirani na kumweka jirani daftarini ni vitu viwili.

Tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na ofisi yake ina kamishna. Anayechukua habari zako sharti akuambie ni za nini, zinakwenda kwa nani, na achukue zile zinazohitajika kwa kazi hiyo tu. Kabila na dini ziko kwenye fungu la habari nyeti, zinazolindwa zaidi. Chakula cha msaada hakiulizi kabila, kinauliza vinywa vingapi. Kwa hivyo mwambie kwa adabu, mzee, jina na idadi ya watu nakupa, nambari ya simu nakupa ukiniambia daftari hili linalala wapi usiku, hayo mengine naomba barua ya chifu yenye muhuri. Usimtukane. Wengi wao wametumwa tu na hata nauli hawapewi.

Na wewe uko Nakuru, sihitaji kukueleza sana. Mwisho wa Januari 2008, vita vya kikabila vya baada ya uchaguzi vilipofika mjini kwenu, ulikuwa umezaliwa, au mama yako alikuwa huko. Daftari linalosema nani anakaa chumba nambari ngapi na ni wa kabila gani, mimi singetaka liachwe juu ya meza ya mtu yeyote. Hata meza yangu.

Ngoja niongeze jambo ambalo hukuuliza, maana limenikaa kooni. Watu wanapigia serikali kelele, halafu wanafika lango la jengo lolote mjini na kuandika jina, kipande na simu kwenye kitabu cha bawabu bila hata kuuliza. Binti ya dada yangu aliandika kitabu cha namna hiyo akienda mahojiano ya kazi. Kabla hajafika orofa ya tatu ujumbe umeingia: "Hujambo mrembo, ni mimi wa getini." Kazi hakuipata. Bawabu alimtumia jumbe mpaka Krismasi. Yule alikuwa mtu mmoja mwenye kalamu ya kufungwa na uzi. Sasa mfikirie mwenye kitabu cha nchi nzima.

*

Mama Laini, mulembe. Mwenzangu wa somo la historia anadai Wamarekani walikuwa wananasa simu zetu Wakenya. Nikamwambia aache porojo. Tumewekeana soda.
Mwalimu, Mumias

Mwalimu, nunua soda.

Juni 2013 kijana mmoja wa Marekani aliyefanyia kazi shirika lao la kunasa mawasiliano, NSA, jina lake Edward Snowden, alitoa nyaraka za siri kwa wanahabari. Kati ya yaliyofichuka ni kwamba kampuni moja kubwa ya simu huko kwao ilikuwa imeamriwa kukabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku, wote, si washukiwa. Tikiti, kwa lugha yangu. Mei mwaka uliofuata ikachapishwa habari ya mradi wao mwingine ulioitwa MYSTIC, na nchi zilizotajwa kwamba kumbukumbu za simu zao zinazolewa ni pamoja na Mexico, Ufilipino na Kenya. Kule Bahamas walikuwa wanarekodi hata sauti.

Wenyewe waliandamana. Oktoba 26, 2013, umati ulikusanyika Washington chini ya Bunge lao na mabango. Kesi zikaenda. Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York ikasema uzoaji ule wa kumbukumbu za simu haukuwa na ruhusa ya sheria waliyodai kuutegemea, na Juni Rais Obama akatia sahihi sheria ya kuukomesha. Kumbukumbu zibaki kwa kampuni, anayezitaka aende mahakamani kwanza. Sijasema ujasusi uliisha. Ila walirudi nyuma hatua moja, kwa sababu ya watu waliokataa kunyamaza.

Lakini mwalimu, sheria ile ilimlinda Mmarekani. Mtu wa Mumias aliyempigia shangazi yake Butere hakutajwa popote. Hapo ndipo ningependa wanafunzi wako wakuulize swali gumu, na soda usiwanyime.

*

Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi hapa Maseno. Kila tunapopinga mambo ya data wakubwa wanasema tunapiga kelele bure, kwamba serikali itafanya itakalo. Kuna siku watu wa kwetu walipinga kuandikwa-andikwa na wakashinda? Au ni kujifariji?
Mwanafunzi, Maseno

Marahaba, nyathina. Umeuliza ukiwa umekaa karibu kabisa na jibu. Toka hapo Maseno uende Gem, hata jua la saa sita halitakukuta njiani.

Kwetu nyumbani kuna kijisanduku cha bati, cha kutosha kukaa kiganjani, chenye kitundu cha kupitishia kamba. Kimeingia kutu pembeni, na kifuniko chake hakifungi sawasawa. Babu alikivaa shingoni alipokuwa kibarua kwenye shamba la Mzungu upande wa Njoro. Ndani yake ndimo mlikuwa na kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, na mistari ambapo kila mwajiri aliandika siku uliyoanza, mshahara, siku uliyoachiliwa. Ukitoka shambani bila mwajiri kuandika kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro, na polisi yeyote akikusimamisha njiani anasoma utoro wako kifuani pako. Wakikuyu waliofanya kazi naye walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Babu alisema kilichomuuma si kamba, ni kwamba mtu asiyemjua angeweza kumsoma naye hawezi kumsoma huyo mtu.

Sheria ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919 kuendelea. Desemba 1921 watu wakakusanyika Lundha, huko huko Gem, wengi wao vijana waliosoma misheni ya Maseno, mahali unapokaa wewe sasa. Wakaunda chama. Watu walikiita Piny Owacho, nchi imesema. Walitaka kipande kiondolewe, kodi ishuke, kambi za kazi za kulazimishwa zifungwe. Machi 1922, kule Nairobi, Harry Thuku alikamatwa, na umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi. Miezi michache baadaye Gavana Northey alikuja mwenyewe mpaka Nyahera kuwasikiza watu wa huku. Kambi zikafungwa, kodi ikashuka. Kipande kikabaki.

Kilibaki mpaka 1947, ulipoletwa utaratibu wa kitambulisho cha watu wa rangi zote na kile cha shingoni kikatupwa. Babu hakukitupa cha kwake. Alikitumia kuwekea ugoro.

Hesabu miaka hiyo mwenyewe. Sitaki kukudanganya kwamba ni ya haraka.

Ya karibuni ni hii. Aprili na Mei 2019 tulipangishwa foleni za Huduma Namba, nambari moja ya utambulisho kwa kila mtu. Nilipanga, na mimi. Kidole changu cha shahada kilikataa kusomwa na mashine mara nne, kimelainika kwa nyaya za swichibodi, na yule kijana wa mashine akanisugua kidole kwa kitambaa kama anayeng'arisha kijiko. Zaidi ya watu milioni 30 waliandikishwa. Lakini Nubian Rights Forum, pamoja na mashirika mengine ya haki, walikuwa wamekwenda mahakamani. Unawajua Wanubi wa Kibos hapa Kisumu? Jamii yao wanajua maana ya kuzungushwa kwa kitambulisho, kuulizwa babu wa babu yako alitoka wapi kabla upewe kadi ya nchi uliyozaliwa. Januari 30, 2020, majaji watatu wakasema kuchukua vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti ni kinyume cha Katiba, na mpango wenyewe usiendelee mpaka pawe na kanuni za kutosha. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa haikufanyika tathmini ya hatari kwa data za watu. Ile sheria ya 2019 tuliyoitaja kwenye barua ya Nakuru ilitungwa kesi hiyo ikiendelea, kwa hiyo usiniambie ni kelele bure.

Ukitaka mfano ambao haukunyooka, mtazame seneta wa Busia, Okiya Omtatah, kabla hajawa seneta. Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mitambo yake na mitandao ya kampuni za simu, ikisema inatafuta simu bandia. Alikwenda kortini. 2018 Mahakama Kuu ikamkubalia. 2020 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi. Na Huduma Namba nayo ilipokwama, mwishoni mwa 2023 ikaja Maisha Namba, ikasimamishwa kortini, ikafunguliwa, ikasimamishwa, ikafunguliwa. Wewe unayesoma sheria au kompyuta hapo chuoni hutakosa kazi.

*

Mama Laini, askari akinisimamisha usiku na pikipiki akataka simu na paswadi, nimpe?
Boda, Busia

Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtaka ofisa aombe hati ya mahakama ndipo apekue yaliyomo. Lakini saa tano usiku barabarani, hati yako wewe ni utulivu. Sema kwa sauti ya kawaida: "Afande, twende kituoni, niandikwe kwenye OB, simu nitaitoa huko." OB ni kitabu cha matukio cha kituo. Tia akilini jina au nambari ya begani. Usifungue simu kwa kidole ukiwa peke yako na watu watatu. Na usiku ukitoka, washa simu upya na uzime ile ya kufungua kwa uso, ibaki nambari ya siri tu.

*

Umetufundisha mengi kuhusu wanaosikiza. Na wewe je? Miaka 19 na kisikizi kichwani, ulisikiza?
Msomaji, Kakamega

Nilisikiza. Opereta atakayekuambia hakusikiza, mwambie akupe na hadithi ya fisi na mbuzi. Kwanza ilibidi, uingie laini uhakikishe wanasikizana. Kisha usiku ni mrefu na zamu ni ya mtu mmoja.

Mwaka 1986, wakati wa ule msako wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, alikuja mtu wa suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni. Msimamizi wangu akaniambia nimpe tikiti zote za nambari ya shule fulani ya sekondari za wiki sita. Hakuonyesha karatasi na mimi sikuuliza. Nilizitafuta, nikazifunga na raba, nikampa. Zilikuwemo simu za mwalimu mmoja kwenda nambari moja ya Nairobi. Zote baada ya saa tatu usiku, zote fupi.

Mimi nilijua ni za nini. Nilikuwa nimesikiza. Mchumba wake alikuwa muuguzi, zamu yake iliisha saa mbili na nusu, na usiku bei ilikuwa nafuu. Waliongea habari ya pazia na godoro. Lakini yule wa suti hakuniuliza walisema nini. Alizihesabu pale pale kaunta, akitazama ile safu ya saa. Tatu na kumi. Tatu na robo. Tatu na ishirini. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta, akaniambia asante, dada.

Mwalimu alichukuliwa wiki hiyo. Sikusema neno, kwake wala kwa mtu mwingine. Nilikuwa na watoto wawili na kazi ya serikali.

Alirudi mwaka uliofuata, mashavu yameingia. Kazi alikuwa amefutwa, kwa hivyo simu ya shule hakuwa nayo tena. Alikuja kaunta kama watu wengine na sarafu zake kwenye kitambaa. Akanisalimia kwa jina. Akataka Nairobi, nambari ile ile. Ilikuwa saa nne asubuhi, bei ya juu, nikamwambia angengoja usiku ingekuwa nafuu. Akasema hapana, sasa hivi.

Nikavuta kikaratasi, nikaandika nambari mbili na saa, nikamuunganisha. Iliita muda mrefu. Hakuna aliyeshika, na kwa hivyo sikumlipisha.